Koki za nikeli ya brashi: igeuze kwanza uone chini

Naanza na msimamo wangu ili tusizungushane. Kwa nyumba za Dar na ukanda mzima wa pwani, nikeli ya brashi ndo rangi ya koki ninayoipenda kuliko zote, jikoni na bafuni, ila rangi yenyewe ndo iwe kitu cha mwisho kukuvutia pale dukani. Kabla ya rangi kuna chuma kilichojificha chini yake, kuna aina ya maji yanayotoka kwako, na kuna urefu wa stendi ya tanki lako, na hivi vikikaa vibaya hata koki iwe nzuri namna gani utaichukia mapema sana.

Kwa ambao hawajaizoea, nikeli ya brashi ni ile silva iliyopoa, haing'ai mpaka ukajiona sura, ukiisogelea unaona vimistari vyembamba sana vyote vinaelekea upande mmoja. Ukiiweka pembeni ya kromu, ile silva ya kung'aa kama kioo, utaona tofauti hapo hapo, kromu inavuta kwenye bluu na nikeli inavuta kidogo kwenye njano, ina joto fulani hivi. Kuna na satini ambayo inafanana nayo ila yenyewe haina vimistari, imelainishwa tu, na wauzaji wengi wanazichanganya hizi mbili kwahiyo usitegemee jina, angalia kwa macho yako.

Sababu kubwa ya mimi kuipenda ni maji yetu. Mnaokaa Mbezi Beach, Kunduchi, Tegeta, Kigamboni mnajua, ukichimba kisima kuna uwezekano mkubwa ukakutana na maji ya chumvi, na hata sisi tunaotumia maji ya bomba ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, yanayotoka mto Ruvu, siku mgao ukikaza tunaita boza na boza nalo mara nyingi limejaza kwenye kisima cha mtu. Alafu ardhi ya upande huo ina chokaa, ndo maana kiwanda cha saruji kipo pale Wazo Hill, na chokaa inayeyuka ndani ya maji. Sasa tone la maji ya namna hiyo likikaukia juu ya koki, maji yanaondoka na chumvi na chokaa vinabaki pale pale, doa jeupe. Kwenye kromu kila tone linaonekana na kila kidole cha mtoto kinaonekana, yaani ufute asubuhi, mchana ishakuwa na madoadoa. Kwenye nikeli ya brashi vile vimistari vinatawanya mwanga kwahiyo doa lipo ila halijitokezi, unaweza ukafuta mara moja kwa siku na mgeni akaingia jikoni asione kitu. Kwa nyumba yenye watoto na watu wanaopika kweli kweli hiyo ni nafuu kubwa mno.

Ila sasa hapo ndo watu wanapoishia, wanasema nikeli ya brashi haishiki madoa, wananunua, basi. Na mimi nasema subiri.

Watu wanafikiri hii ni fasheni mpya lakini nikeli ni ya zamani kuliko kromu. Koki za Ulaya na Marekani zilikuwa zinapakwa nikeli, na shida ya nikeli ikiachwa uchi kwenye hewa na unyevu inafifia, inakuwa ya njano njano, inabidi isuguliwe kila mara. Kromu ilipoanza kupakwa kibiashara miaka ya 1920 ikaisukuma nikeli nyuma, na nyuma kweli kweli, kwasababu koki ya kromu unayoiona leo ina nikeli chini yake, nikeli ndo inayofanya kazi kubwa ya kulinda chuma na kuweka ule ulaini, kromu ya juu ni utando mwembamba ambao kwa kawaida haufiki hata mikroni moja, yaani haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwahiyo nikeli imerudi juu, lakini imerudi ikiwa imebrashiwa na imefunikwa isije ikafifia tena. Swali langu dukani siku zote ni hilo, imefunikwa na nini?

Kuna koki zimefunikwa na vanishi. Ni vanishi isiyo na rangi, huwezi kuiona, ikiwa mpya inapendeza sana. Hii ndo inayokuja kumenyeka. Inaanzia kwenye mdomo wa koki maji yanapotokea na chini ya mkono wa kufungulia pale vidole vinaposhika, mara unaona kigamba kimeinuka, ukikigusa kinatoka, na chini yake nikeli inaanza kubadilika rangi. Chumvi, jiki, ndimu, sabuni za unga, vyote vinaisaidia kumenyeka. Koki ya namna hii kwa maji ya kisima cha Kunduchi mimi siiweki hata kwenye choo cha uani.

Kuna zilizopakwa kwa njia wanaita PVD. Koki inaingizwa kwenye chemba iliyonyonywa hewa, chuma kama zirkoniamu kinageuzwa kuwa mvuke, kinachanganyika na gesi kidogo kama naitrojeni na kinashika juu ya koki kama ngozi, nyembamba sana lakini ngumu mno. Hiyo ngozi ndo inayobeba rangi, na kwa kubadilisha gesi na chuma wanapata nikeli, dhahabu, nyeusi, wanavyotaka. PVD haimenyeki kirahisi na haikwaruziki kirahisi. Makampuni makubwa mengi rangi zao za nikeli ya brashi ndo wanazipaka hivi, kwa mfano Kohler wana ile wanaiita Vibrant Brushed Nickel. Kama bajeti inaruhusu na boksi limeandikwa PVD, hiyo ndo chaguo langu la kwanza kwa maji ya chumvi.

Alafu kuna ya tatu ambayo haijapakwa kitu. Ni stenlesi tupu imebrashiwa, na muuzaji anaiita nikeli ya brashi kwasababu kwa macho zinakaribiana. Nyingi ninazokutana nazo kwa bei ya kati ziko hivi, chini au kwenye boksi zimeandikwa SUS304. Hapa nataka nieleweke, simsemi muuzaji vibaya, hii koki mimi naiheshimu sana. Stenlesi ya 304 ina kromu kama asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8 ndani ya chuma chenyewe, hakuna cha kumenyeka kwasababu hakuna kilichopakwa, na ikikwaruzika kidogo unaweza kuisugua kwa kitambaa maalum ukifuata mwelekeo wa mistari yake ikarudi, kitu ambacho kwenye PVD au vanishi huwezi kukifanya hata kidogo. Ubaya wake ni chumvi kali, ikikaa muda mrefu bila kusuuzwa inaweza kutoa vidoa vya kahawia. Kwa hilo kuna 316, yenyewe imeongezwa molibdenamu asilimia 2 mpaka 3 na ndo inavumilia chumvi zaidi, kama uko karibu kabisa na bahari na uwezo unao iulizie. Ya kuogopa ni 201, hiyo nikeli wameipunguza wakaweka manganizi badala yake ili bei ishuke, ikiwa dukani inafanana na 304 kila kitu, ikifika kwako inapata kutu.

Sasa chini ya rangi. Koki iliyopakwa lazima ina mwili, na mwili mara nyingi ni ama brasi au zinki, ukiacha zile za plastiki. Brasi ni shaba na zinki vimechanganywa, inavumilia maji miaka mingi, ukiangalia kwa ndani ni ya njano. Ile inayoitwa zinki ni zinki imechanganywa na aluminiamu kidogo, imemiminwa kwenye kalibu, ya kijivu, na hiyo maji ya chumvi yakipata njia ya kuingia kwenye kitundu kidogo tu cha rangi yanaila kwa ndani, unashtukia siku moja shingo imekatika mkononi. Na rangi zote za kupakwa kwa umeme zina vitundu vidogo ambavyo macho hayaoni, kwahiyo ni suala la muda.

Namna ya kujua dukani? Geuza koki. Naomba hii muishike kuliko yote niliyoandika hapa. Ukienda kwenye maduka ya Gerezani au Kariakoo muuzaji atakuonyesha mbele, atafungua na kufunga mkono, atasema "dada hii brasi orijino kabisa", wewe mwambie kwa heshima tu "kaka naomba niione kwa chini". Kule chini kwenye tundu la kuingizia mipira na kwenye nyuzi za kukazia huwa hawapaki vizuri. Ukiona njano ni brasi. Ukiona kijivu cha majivu ni zinki. Ukiona silva ile ile ya nje mpaka ndani ni stenlesi. Hakuna muuzaji mzuri atakayekukatalia kugeuza, na anayekatalia ameshakujibu.

Uzito nao unasaidia, kwa ujazo ule ule zinki ni nyepesi kuliko brasi kama moja ya tano hivi, lakini usiutegemee peke yake maana kuna wanaoweka kipande kizito chini ili koki ishtue mkono. Wengine wanatembea na sumaku, ni wazo zuri ila muelewe inachokwambia: brasi haishiki, zinki haishiki, 304 haishiki au inashika kidogo sana, kwahiyo sumaku itakukamatia tu chuma cha kawaida kilichopakwa rangi, haiwezi kukutenganishia brasi na zinki. Na usishangae ukikuta mwili wa brasi lakini mkono wa kufungulia ni zinki, hata makampuni mazuri yanafanya hivyo na mkono haupitishi maji kwahiyo sio tatizo.

Kama boksi limeandikwa masaa ya jaribio la mvuke wa chumvi, yaani koki inapuliziwa maji ya chumvi mfululizo waone rangi inavumilia kiasi gani, soma. Kiwango cha Ulaya cha rangi za koki, EN 248, kinataka masaa 200. Ukiona 24 imeandikwa kwa kujivunia, rudisha.

Bei siandiki kwasababu kila kontena jipya likishuka bandarini zinabadilika na duka hadi duka zinapishana, ila kitu kimoja nakihakikisha, nikeli ya brashi ya bei sawa na kromu ya kawaida huwa imekatwa gharama mahali fulani, na mahali penyewe ni huko chini usipopaona.

Tuje kwenye presha, hapa ndo naumia zaidi nikiona watu wanapoteza hela. Presha inapimwa kwa bar, na maji yakikaa mita 10 juu ya koki yanakupa bar 1. Sasa piga hesabu ya kwako, stendi ya mita 4, koki ya jikoni iko kama mita 1 kutoka sakafuni, unabaki na mita 3 na ushee kutegemea tanki limejaa kiasi gani, yaani ni bar 0.3 hivi. Boksi la mikisa nyingi za kisasa, yaani zile koki za kuchanganya maji ya moto na baridi, linakwambia angalau bar 0.5 au bar 1. Zile za kuvuta kichwa zinatoka na mpira wake wa shawa, ambazo ndo zinapendeza sana kwa nikeli ya brashi na ndo kila mtu anazitaka baada ya kuziona kwenye simu, zinahitaji presha zaidi kwasababu mpira wa ndani ni mwembamba na kichwa kina matundu madogo. Bila pampu ya kusukuma utafungua na maji yatatoka kinyonge, utakuwa unasubiri sufuria moja ijae mpaka vitunguu vinaungua. Kama huna pampu na huna mpango nayo, chukua mikisa ya shingo ya kawaida, shingo ndefu ya kuzunguka, utafurahi. Na wa ghorofani wenye tanki juu ya slebu la bafu lile lile, kutoka maji hadi shawa ni kama mita moja tu, hapo hata usijadili rangi kabla hujajadili pampu.

Wale mnaoletewa koki na ndugu kutoka Marekani, hili linawahusu moja kwa moja. Koki nzuri sana zinakuja hivyo, Moen, Delta, Kohler, na rangi zao ni imara kweli. Lakini kule sheria inataka koki ya jikoni isitoe zaidi ya galoni 2.2 kwa dakika, yaani kama lita 8.3, na hiyo wanaipima kwenye presha ya psi 60 ambayo ni zaidi ya bar 4. Wewe ukiifunga kwenye bar 0.3 na kile kichujio chake cha mdomoni bado kipo, usishangae ukipata robo tu ya hayo maji. Alafu mipira yake ya kuingizia maji mara nyingi inakuja na ncha za inchi 3/8 wakati engo vavu zetu, zile vavu ndogo za ukutani za kufungia maji, ni nusu inchi, na hata zile za nusu inchi za kule kwa macho zinafanana na zetu lakini meno yake hayakuchongwa sawa, fundi atakaza na tepu nyingi na bado itakuwa inalia jasho. Mwambie ndugu yako akuletee na adapta zake, aziulizie huko huko dukani kabla hajafunga begi.

Maji ya moto pia. Jikoni kwetu wengi hatuna bomba la moto, ila mikisa ina mipira miwili. Mafundi wengine wanaunga wa baridi na wa pili wanauacha unaning'inia kabatini, ukiweka mkono katikati maji yanatoka kidogo na mengine yanarudi na kumwagika kupitia huo mpira. Uzibwe kwa kofia, au vizuri zaidi waunge yote miwili kwenye baridi kwa kiungio cha T, hapo ukiweka mkono upande wowote unapata maji yote. Na kama hutarajii kabisa kuweka hita, nunua koki ya baridi tu ya rangi hiyo hiyo, zipo, ni rahisi zaidi na zina vitu vichache vya kuharibika. Ile mikisa ya mkono mmoja ilizaliwa kwasababu ya maji ya moto, Al Moen wa Marekani akiwa kijana mwaka 1937 aliunguzwa mikono na koki ya mikono miwili, akakaa kuchora mpaka ya kwake ikaanza kuuzwa 1947. Kama huna maji ya kukuunguza huna haja ya kuilipia.

Hata hivyo mkono mmoja una raha yake jikoni, ukiwa umetoka kukuna nazi au kuparua samaki mikono imejaa magamba unausukuma kwa kiwiko. Hilo silipingi.

Umbo la jikoni nalimaliza haraka: shingo iwe juu kiasi cha kuingiza sufuria lako kubwa la pilau likiwa wima na ndoo ya lita 10 ikibidi, na ifike katikati ya sinki, isimwagie ukingoni. Kwa rangi, sinki zetu nyingi ni za stenlesi na nikeli ya brashi inakaa nazo vizuri sana bila kugombana, kuliko kromu kwa maoni yangu.

Bafuni kuna mengi zaidi kwasababu vitu ni vingi. Koki ya sinki la kunawia, shawa, koki ya ndoo, shatafu, engo vavu, kishikio cha taulo, kitundu cha maji sakafuni. Nikeli ya brashi ya kampuni moja sio nikeli ya brashi ya kampuni nyingine, moja ina njano zaidi, nyingine inaelekea kijivu, na kwenye bafu dogo vikikaa karibu inaonekana wazi kwamba havikuzaliwa pamoja. Kwahiyo kwa bafu chukua vyote kwa mpigo mmoja na kampuni moja, hata kama ni lazima usubiri mwezi ujao. Na usilinganishe rangi chini ya taa za dukani, zile nyeupe kali zinafanya kila silva iwe sawa, omba utoke nazo mlangoni uzione kwenye mwanga wa jua. Kama kukamilisha seti haiwezekani basi changanya kwa makusudi, koki na shawa ziwe nikeli na vishikio viwe vyeusi kabisa. Nikeli mbili zinazokaribia kufanana bila kufanana zinasumbua macho kuliko rangi mbili tofauti.

Shatafu naitaja peke yake kwasababu hakuna nyumba ya pwani isiyo nayo na ndo kitu kinachonunuliwa mwisho kwa chenji iliyobaki. Nyingi kichwa chake ni plastiki iliyopakwa, ndo maana rangi yake inapishana na mengine na ndo inamenyeka ya kwanza. Tafuta ya stenlesi 304 ya brashi, zipo na hazitishi bei. Mpira nao uwe mzuri, na uwe na engo vavu yake ya kufunga, kwasababu shatafu isipofungwa kwenye vavu mpira unabaki na presha masaa ishirini na nne, siku ukipasuka usiku na hamjui ni tanki zima sakafuni.

Na kwa wanaotawadha kwenye sinki, angalia umbali wa mdomo wa koki kutoka ukuta wa sinki. Zile fupi nzuri nzuri za hotelini hazikupi nafasi ya kuingiza kiganja na kupitisha maji mpaka kwenye kiwiko, unagonga mkono kwenye beseni na maji yote yanaishia kwenye nguo. Simama mbele yake pale dukani ufanye kama unatawadha, hakuna aibu.

Kuhusu madini ya risasi nisipite kimya. Brasi nyingi huwekwa risasi kidogo ili ichongeke kirahisi, na risasi sio kitu cha kuchezea kwenye nyumba yenye watoto. Marekani tangu Januari 2014 koki ya maji ya kunywa hairuhusiwi kuzidi wastani wa asilimia 0.25 kwenye sehemu zinazogusa maji. Kwahiyo kwa koki ya jikoni, kama kwenye boksi kuna alama ya NSF 61 au NSF 372, ambavyo ni viwango vya Marekani vya usalama wa vifaa vya maji ya kunywa, hiyo ni pointi kubwa, na stenlesi ya 304 nayo inakutoa kwenye wasiwasi huo kwenye mwili wa koki. Maji ya kwanza ya asubuhi yaliyolala ndani ya bomba mimi nayamwagia maua.

Siku ya kufunga, simamia. Kabla fundi hajaunga mikisa mpya, amwambie mtu afungue bomba lote maji yatiririke kwenye ndoo mpaka yawe masafi, kwasababu nyumba mpya mabomba yana mchanga, vumbi la saruji na vinyuzi vya mabomba ya plastiki ya PPR, na ndani ya mikisa kuna katriji yenye visahani viwili vya seramiki vinavyosuguana, punje moja ya mchanga ikipita pale inachora na koki inaanza kuvuja ikiwa haina hata wiki. Katriji zenyewe nyingi ni za milimita 35 au 40, uliza yako ni ipi na ununue ya akiba siku hiyo hiyo, uiweke kwenye droo. Na spana malaya isiguse rangi kavu kavu, fundi aweke kitambaa, meno ya spana kwenye nikeli ya brashi yanaacha alama ambayo hakuna dawa.

Usafi ni rahisi, kitambaa laini, sabuni ya vyombo kidogo, suuza, kausha. Kukausha ndo siri kubwa ya maji ya chumvi, dakika moja usiku kabla ya kulala. Msiguse stilwaya, msiguse dawa ya choo maana nyingi ni asidi kali, jiki isikae juu yake, na ndimu ambayo tumezoea kung'arishia kila kitu ikae mbali. Chokaa ikishika sana, siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, loweka kitambaa, weka dakika chache tu, suuza vizuri sana. Kile kichujio cha mdomoni kifungue mara moja moja, kiloweke pekee yake kwenye siki, utashangaa mchanga unaotoka. Kama una dada anayekusaidia kazi, kaa naye umuelekeze vizuri na umnunulie hicho kitambaa laini, usimwachie stilwaya alafu ukamlaumu.

Na koki ya nje, ile ya kumwagilia na kuoshea gari, hiyo usiiwekee nikeli wala kromu. Jua, mchanga na upepo wa bahari vitamaliza rangi yoyote. Brasi tupu ya njano, nzito, ya nusu inchi, yenye kichwa cha kufungulia ambacho fundi yeyote wa mtaa anaweza kukibadilishia washa, yaani kile kiraba cha ndani.